Leza na Eksirei Angavu

Katika mtambo wa gesi unaojengwa Afungi, wilayani Palma nchini Msumbiji, mabomba huungwa kwa kuchomelea, na ufa uliofichika ndani ya kiungo huweza kufichuliwa kwa eksirei, miale ipenyayo chuma iliyogunduliwa na Wilhelm Röntgen mwaka 1895. Miale hiyo huweza pia kuzalishwa kwa leza kali, iliyowezeshwa na mbinu ya Gérard Mourou na Donna Strickland ya mwaka 1985 ya kurefusha mpigo wa mwanga, kuukuza, kisha kuubana: mpigo huo hung'oa elektroni katika bamba la metali, nazo, zikikimbia karibu na kasi ya mwanga, hupindishwa na viini vya atomu na kutoa eksirei. Fadhila kuu ya njia hii ya leza ni udogo wa chanzo, unaofanya hata kingo za ufa mwembamba zionekane bayana.