Kumtayarisha Mtoto Kucheza Ngoma Jukwaani

Wahenga walinena kuwa samaki mkunje angali mbichi. Ni kweli, lakini ukimkunja kwa pupa atakatika. Msimu wa Tamasha la Muziki, lililoanza humu nchini mwaka wa 1927, unapokaribia, baadhi yetu hapa Likoni, Kisauni na Changamwe huombwa kuwafunza ngoma wadogo zetu wa chekechea na shule za msingi. Aghalabu huwafunza hatua tu. Siku ikifika mtoto anapanda jukwaani, anakodoa macho, hatua zote zinamtoka. Watu husema, "Huyu hajui." Anajua sana! Ila alifunzwa kwa makofi, na leo anasikia ngoma na nzumari. Basi dawa ni kumzoesha mapema kila atakachokutana nacho siku hiyo.

Kwanza, chagua ngoma inayomfaa. Sengenya ya Wadigo na Waduruma, au mwanzele wa Wagiriama na Warabai, zaweza kuchezwa na watoto. Chakacha asili yake ni ngoma ya wanawake harusini, na kifudu ina mambo yake ya matanga. Usimbebeshe mtoto wa miaka sita mambo ya watu wazima. Waulize wazee kabla hujaanza.

Pili, mzoeshe sauti. Mpiga nzumari hujaza hewa mashavuni, akavuta pumzi kwa pua huku akiendelea kupuliza, kwa hivyo sauti haikatiki. Mtoto aliyezoea kuimbiwa hungoja mwimbaji apumue ndipo abadilishe hatua. Kwa nzumari atangoja mpaka kesho! Mfunze kufuata mdundo wa ngoma. Mkalishe karibu nayo, aiguse, asikie inavyomtetemesha kifua. Alichokwisha kukishika hakimtishi tena.

Tatu, anza na miguu. Ngoma nyingi za Wamijikenda hutaka mabega yachezwe pamoja na miguu, na kwa mtoto hizo ni kazi mbili. Miguu ikishazoea kwenda yenyewe, ongeza mabega. Robo saa kila siku inafaa kuliko saa tatu za Jumamosi. Akikosea, aendelee mbele, msianze upya kila mara. Na fimbo, jamani, weka kando. Fimbo haifunzi mdundo. Mtoto anayeogopa kupigwa hukutazama wewe mkono, wala haisikilizi ngoma.

Nne, mavazi. Hando la Kigiriama lina marinda mengi na ni zito kiunoni kwa mtoto. Njuga nazo, jasho likitoka, kamba hulegea zikateremka hadi kifundoni. Akivishwa mara ya kwanza asubuhi ya mashindano, atashughulika kujivuta nguo. Avae wiki nzima kabla, ili ujue pa kukaza na pa kupunguza. Tena acheze peku juu ya saruji, maana mchanga wa uani na sakafu ya ukumbi si mamoja.

Tano, siku yenyewe. Ikiwa mashindano yako kisiwani, walio Likoni wajihimu. Kungojea feri juani kwaweza kummaliza mtoto nguvu hata kabla hajacheza. Mpe uji asubuhi, maji kidogo kidogo, na aende msalani kabla ya kuvaa. Saruji ya adhuhuri huunguza nyayo, basi asivue champali mpaka afike mlangoni.

La mwisho ni maneno. Tumezoea kuwaambia, "Msituaibishe!" Huo ni mzigo mzito kwa kitoto kidogo. Mwambie kitu anachoweza kukifanya: "Sikiliza ngoma, mtazame mwenzako wa mbele." Akisahau hatua, akanyage papo hapo kwa mdundo mpaka aidake tena. Waamuzi hulitazama kundi zima, na pengine hata hawatamwona.

Wenzangu, alama za mwaka huu zitasahaulika mwakani. Lakini mtoto aliyeaibishwa jukwaani huenda asitake tena kusikia habari za ngoma maisha yake yote. Na tukiwafukuza hawa wadogo, sengenya na mwanzele atazicheza nani sisi tukishazeeka? Mwenye masikio na asikie.