Kindi Aliyeanguka: Huruma Yataka Elimu

Mwembe mkongwe ukikatwa, si matawi pekee yaangukayo. Ndani ya matundu ya shina lake huenda wamo watoto wa kindi, ambao huzaliwa macho yao yamefumba. Watoto wa nyumbani huwaokota na kumpelekea mama yao, naye kwa huruma huwanywesha maziwa ya ng'ombe kwa kijiko. Maziwa hayo huwaharisha, au huwapalia yakaingia mapafuni, na mara nyingi hawafiki siku ya pili. Hapo haikukosekana huruma, bali elimu.

Jambo la kwanza ni kuuliza: je, ni yatima kweli? Imepokewa na Abu Daud kwamba Mtume (S.A.W.) aliamuru makinda yaliyochukuliwa yarudishwe kwa ndege mama yao aliyekuwa akihangaika. Kindi naye hamkatai mwanawe kwa sababu ameguswa na mkono wa mtu. Basi akiwa hana jeraha, mwekeni ndani ya kikapu penye mti wa jirani, mbali na paka na siafu, kisha jitengeni. Mama hutoka mchana tu. Akija, humbeba mwanawe kwa kinywa hadi kiota kingine.

Jua likitua bila mama kuja, au mtoto akiwa ameumia, mpasheni joto kwanza kwa kitambaa na chupa ya maji ya uvuguvugu, kwani mwili uliopoa hauwezi kusaga chakula. Msimtie chochote kinywani; wasilianeni na KWS au daktari wa mifugo. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 hairuhusu kumfuga mnyama wa mwituni bila kibali.

Walezi wenye ujuzi humlaza kifudifudi wamlishapo, na hupunguza kumshika kadiri akuavyo. Meno yake ya mbele hayaachi kukua, hivyo hupewa mbegu ngumu za kuguguna. Hatimaye huwekwa katika kizimba kikubwa chini ya miti, azoee sauti na harufu za pale. Kisha mlango hufunguliwa, na chakula huendelea kuwekwa kwa siku kadhaa. Aliyemzoea mtu kupita kiasi aghalabu hamwogopi tena paka wala mbwa, na porini hadumu.

Watoto wakilia kwa kuagana naye, waelezwe kwamba alikuwa amana kwao, si mali yao. Na kabla ya shoka kuinuliwa tena, matundu ya mti yaangaliwe kwanza.