Mdororo wa Taifa na Anguko la Maua

Mwaka 2014 uchumi wa Kenya ulikua kwa asilimia 5 hivi. Mwaka huohuo, tarehe 24 Juni, marufuku ya miraa ilianza kutekelezwa Uingereza, mwaka mmoja na nusu baada ya Uholanzi kufunga mlango wake. Mizigo iliyokuwa ikitoka mji wa Maua, Meru, kwa pikapu ziendazo mbio kuwahi ndege Nairobi ikakosa pa kwenda. Miraa haiwekwi ghalani. Siku mbili tangu kuchumwa, nguvu yake imeisha na mnunuzi haitaki. Aliyechuma akakosa kazi, aliyefunga mabunda akakosa kazi, aliyeuza majani ya migomba ya kufungia akarudi nayo nyumbani, na mwenye duka wa Laare au Kang'eta akabaki anaandika madeni daftarini. Watu wa Igembe, eneo hilo la Maua, waliposema uchumi umeanguka, walisema kweli. Serikali iliposema uchumi unakua, nayo pia ilisema kweli.

Tofauti iko kwenye kipimo. Wataalamu wakitaja mdororo wa uchumi, wanazungumzia nchi nzima: je, pato la taifa, yaani thamani ya bidhaa na huduma zote zinazozalishwa nchini, limepungua? Kanuni inayotajwa sana ni ile ya pato kupungua kwa robo mbili za mwaka mfululizo. Si sheria. Mtakwimu wa serikali ya Marekani, Julius Shiskin, aliitaja katika makala ya New York Times mwaka 1974, pamoja na vigezo vingine ambavyo watu wengi wamevisahau. Huko Marekani kwenyewe, anayetangaza mdororo ni jopo la wanauchumi wanaotazama pia ajira, mapato na mauzo. Jopo hilo liliuhesabu mdororo wa 2020 ingawa ulidumu miezi miwili tu, Februari hadi Aprili.

Kwa hesabu ya mwaka mzima, tangu 1990 pato la Kenya limepungua mara mbili: mwaka 1992 kwa asilimia 0.8, na 2020 kwa asilimia 0.3. Mdororo ule wa kwanza ndio wazee wetu wanaoukumbuka kwa uchungu zaidi. Wafadhili walikuwa wamesimamisha misaada Novemba 1991, kukawa na ukame, kisha pesa nyingi zikamwagwa sokoni wakati wa uchaguzi. Mwaka 1993 mfumuko wa bei ukafika asilimia 46 hivi, na uchumi haujainuka. Maradhi hayo mawili yakishikana, tiba huwa ngumu: Benki Kuu ikipandisha riba ili kutuliza bei, inakaba biashara ambazo tayari hazipumui, ikiilegeza, bei zinazidi kupaa.

Kuna jambo linalochanganya watu kila siku redioni, nalo ni mwendo. Mwaka 2008, baada ya ghasia za uchaguzi, ukuaji ulishuka kutoka karibu asilimia 7 hadi chini ya asilimia 2. Huo haukuwa mdororo kwa maana ya kitaalamu. Lori linalopanda kutoka daraja la Nithi kwa gia ndogo bado linapanda. Likianza kurudi nyuma, hayo ni mengine. Bei nazo ni vivyo hivyo. Mfumuko ulikuwa asilimia 9.6 Oktoba 2022, na kufikia Oktoba 2024 ukawa asilimia 2.7. Mama anayenunua unga sokoni Embu anaposikia mfumuko umeshuka, asidhani bei zimerudi zilikotoka. Zinaendelea kupanda, ila polepole, juu ya kiwango kilichokwisha kumuumiza.

Kahawa ina simulizi nyingine. Julai 1989 mfumo wa kimataifa wa kugawana mauzo ulivunjika, na katika miezi michache bei ya dunia ikapungua karibu nusu. Mkulima wa Runyenjes au Imenti hakuanguka siku moja kama mwenzake wa Maua, kwa sababu mkahawa hustahimili na malipo huja kwa kuchelewa. Akapunguza mbolea, akaacha kupogoa, akapanda mahindi na maharagwe katikati ya mistari. Kenya iliyozalisha takriban tani 130,000 msimu wa 1987/88 haijarudi hapo hadi leo. Hili ni anguko la sekta. Limepita miaka ya ukuaji na miaka ya mdororo, na takwimu za taifa hazikulionyesha.

Huwa nakereka kiongozi anapojibu kilio cha namna hii kwa kusoma asilimia ya nchi. Ripoti ya Pato la Kaunti ilitolewa mara ya kwanza 2019, na ni hatua njema, lakini ni ya mwaka na huchelewa. Mei 2024 kaunti za Pwani zilipopiga marufuku muguka, aina ya miraa, wakulima wa Mbeere huko Embu walihitaji kuonyesha hasara ya wiki ile, na Mahakama Kuu ya Embu ndiyo iliyosimamisha marufuku hiyo. Meru na Embu zinastahili takwimu za kila robo mwaka.

Maana tiba hufuata ugonjwa. Mwaka 2020 hoteli za Kenya zilipoteza karibu nusu ya pato lao huku kilimo kikikua. Serikali ilifanya inavyofanywa katika mdororo: riba ya Benki Kuu ikashushwa hadi asilimia 7, na ushuru wa ongezeko la thamani (VAT) ukatoka asilimia 16 hadi 14. Kwa Igembe, hayo hayakugusa donda. Somalia ilikuwa imefunga soko lake la miraa Machi mwaka huo, na hakuna riba inayoweza kumletea mkulima ndege ya Mogadishu. Soko hilo lilifunguliwa tena Julai 2022, baada ya marais wa nchi hizo mbili kukutana Nairobi.