Nyumba ya Mchungaji Kisiwani Iona

Kamati ya ujenzi inapotuletea makisio ya nyumba ya mchungaji, sisi huuliza kwanza: paa likianza kuvuja, fedha za kulitengeneza zitatoka mfuko gani? Waskoti wamehangaika na swali hilo zaidi ya miaka 300. Nyumba moja ya kijijini, katika kisiwa kidogo cha Iona, magharibi mwa Uskoti, inatusaidia kulielewa.

Kwa sheria ya zamani, aliyemjengea mchungaji nyumba na kuikarabati hakuwa mshirika wa kawaida, bali wenye ardhi wa eneo la usharika. Lakini katika milima ya kaskazini na visiwani sharika zilikuwa kubwa mno, na watu wengi walikaa mbali na kanisa. Mwaka 1823 Bunge la Uingereza lilitenga pauni 50,000. Kila mahali, kanisa na nyumba ya mchungaji kwa pamoja visizidi pauni 1,500.

Kazi alikabidhiwa mhandisi Thomas Telford, na michoro iliyotumika ilikuwa ya William Thomson: kanisa la aina moja, na nyumba za aina mbili, ya chini na ya ghorofa. Hapa tunakubaliana naye kabisa. Mchoro ukiwa mmoja, gharama hujulikana kabla ya jiwe la kwanza kuwekwa, wala hakuna kamati ya kuongeza veranda katikati ya ujenzi. Kufikia mwaka 1830 yalikuwa yamesimama makanisa 32 na nyumba zaidi ya 40. Ya Iona ilijengwa mwaka 1828.

Halafu ukaja mwaka 1843. Wachungaji zaidi ya 450 walijitoa katika Kanisa la Uskoti, hasa kwa kupinga wenye ardhi kuwachagulia washarika mchungaji. Waliacha mishahara, wakahamisha familia zao kutoka nyumba walizopewa, na huko kaskazini waumini wengi waliwafuata. Baadhi ya majengo ya Bunge, yaliyojengwa imara na kwa fedha kamili, yakabaki na washarika wachache. Waliotoka hawakuwa na Bunge la kuwajengea. Mchungaji Thomas Guthrie alizunguka Uskoti mwaka 1845 na 1846 akiomba michango ya nyumba za wachungaji wao, akapata ahadi za zaidi ya pauni 100,000.

Sheria ya mwaka 1925 iliwaondolea wenye ardhi mzigo huo na kuuweka mikononi mwa Kanisa lenyewe. Mwaka 1929 sehemu kubwa ya wale waliotengana iliungana tena, na vijiji vingi vikajikuta na nyumba mbili kwa mchungaji mmoja. Ukarabati wa nyumba mbili haukuwezekana, kwa hiyo nyingi zikauzwa. Ile ya Iona haina tena mchungaji. Imekuwa kituo cha kuhifadhi historia ya kisiwa, na kanisa lake lingali jirani.