Gari Linamisi Brussels: Lipia Kipimo Kabla ya Kipuri

Asubuhi moja ya Novemba gari langu la petroli lilizima ndani ya handaki la Annie Cordy, nikitoka Koekelberg kuelekea Sainctelette. Hakukuwa na moshi wala harufu. Mshale wa mizunguko ulidondoka hadi sifuri, usukani ukawa mzito, honi zikaanza nyuma yangu. Handaki lile lina urefu wa karibu kilomita mbili na nusu, ukikwama humo unaomba Mungu. Baada ya nusu saa injini ilipoa, nikajaribu, likawaka kama kawaida.

Gereji ya kwanza haikupima chochote. Fundi alinisikiliza, akasema ni pampu ya mafuta, nikalipa euro 430. Siku ya tatu likazima tena. Fundi wa pili, Mkongo wa Bukavu mwenye uwanja wake Anderlecht, alitaka euro 60 za kupima tu. Aliliacha lingurume mpaka likapata moto, macho yake yakiwa kwenye skrini. Lilipozima, alikuwa ameshaona: usomaji wa sensa ya krankishafti ulikatika. Sensa hiyo ikichoka, hufa ikipata joto na kufufuka ikipoa. Ilikuwa euro 45, na kazi haikufika saa moja.

Kwa hiyo ninapolinganisha bei za Brussels, naanzia kwenye kipimo. Cha bei ndogo kabisa ni kifaa cha kusomea kodi za hitilafu, euro 20 hadi 40, unachokichomeka kwenye soketi iliyo chini ya usukani na kukiunganisha na simu. Magari mapya ya petroli yaliyouzwa Ulaya tangu 2001 yanayo soketi hiyo, ya dizeli tangu 2004. Kodi P0301 maana yake silinda ya kwanza inamisi. P0171, mchanganyiko una hewa nyingi kuliko mafuta. Lakini kodi haikutajii kipuri. Silinda ikimisi, huenda ni plagi, koili au nozeli. Injini yako ikiwa na koili moja kwa kila silinda, hamisha ile ya kwanza uiweke ya tatu. Kodi ikigeuka P0303, koili ndiyo mbovu, nayo kwa magari mengi ni kati ya euro 30 na 80. Kazi hiyo unaifanya mwenyewe mbele ya nyumba, injini ikiwa imezimwa na kupoa. Taa ya injini ikiwa inawaka na kuzima mfululizo, usiendelee kuendesha: petroli isiyoungua inaharibu katalisti, na hapo unahesabu mamia ya euro.

Gereji huru kwa kawaida hutoza euro 50 hadi 100 kwa kupima. Gereji rasmi za kampuni za magari mara nyingi huvuka 100 kwa saa moja tu ya kazi. Uliza kama bei ina VAT ndani yake, maana hapa ni asilimia 21. Mimi gereji rasmi ningeiendea kwa tatizo la ufunguo au la programu ya injini. Kwa plagi, koili na sensa, hapana. Na kabla ya kujiunga na huduma ya kuokoa magari kama Touring au VAB, soma bima yako. Huenda tayari inalipia msaada wa barabarani.

Wenye dizeli wana hesabu nyingine. Tangu Januari 2021 barabara nyingi za Brussels ni kilomita 30 kwa saa, na safari fupi za mwendo huo hujaza masizi kwenye vali ya EGR na kwenye filta ya moshi. Gari linakosa silensa, halivuti, linashtuka-shtuka. Akitokea fundi wa kukushawishi aing'oe filta, kataa. Tangu Julai 2022, ukaguzi wa contrôle technique unahesabu chembe za moshi. Na kama dizeli yako ni ya kiwango cha moshi cha Euro 4, hairuhusiwi kuingia mjini tangu 2022, basi usizike pesa humo, iuze. Wanunuzi wa magari ya kupeleka Afrika wako mtaa wa Heyvaert.

Kama gari ulilinunua kwa mfanyabiashara na mwaka haujaisha, usiguse hata plagi. Sheria ya Ubelgiji inampa mnunuzi dhamana ya miaka miwili, na kwa gari lililotumika mkataba unaweza kuipunguza, lakini si chini ya mwaka mmoja. Rudi kwa muuzaji kwanza, kwa barua. Ukinunua kwa mtu binafsi, dhamana hiyo huna.

Ukifika gereji, sema unataka diagnostic peke yake, kisha devis, yaani makadirio ya bei, ya maandishi kabla hawajafungua boliti hata moja. Kipuri cha zamani kidai. Pampu yangu niliidai, na yule fundi wa Anderlecht akaiunganisha na betri mbele yangu. Ilizunguka vizuri kabisa.