Nani Ataizuia Nyumba Isinyanyuliwe? Nondo, Maji na Nguzo za Msingi

Ukimuuliza mtu kazi ya nguzo ya msingi, atakujibu haraka: kubeba nyumba isizame. Ni kweli. Lakini kama kiwanja chako kiko kwenye udongo mweusi wa mbuga, ule wa Shinyanga, wa tambarare za Athi au wa Kano kule Kisumu, kuna swali la pili: nani ataizuia nyumba isinyanyuliwe?

Ndiyo, isinyanyuliwe. Chembe za udongo huu zimepangwa kama kurasa za kitabu. Maji yakiingia kati ya kurasa, kitabu kinanenepa. Kiangazi kikija, kinasinyaa, na ardhi inapasuka nyufa unazoweza kutumbukiza mkono.

Tupige hesabu kidogo. Chukua nguzo ya duara yenye kipenyo cha sm 30, inayopita kwenye mita 1.5 za udongo unaovimba. Ubavu wake una eneo la mita za mraba 1.4 hivi. Tuseme udongo unaushika ubavu huo na kuuvuta juu kwa tani 5 kila mita ya mraba. Jumla ni tani 7. Kama ni nguzo ya baraza, labda inabeba tani 2 tu. Zinabaki tani 5 za kuivuta juu, huku mguu wake umeng'ang'ania tabaka gumu chini. Hapo nguzo si nguzo tena, ni kamba.

Na zege halina uwezo wa kamba. Uwezo wake wa kuhimili mvuto ni kama sehemu moja tu ya kumi ya uwezo wake wa kuhimili mgandamizo, na likishapata ufa mmoja, basi. Nondo nne za mm 12 zinaweza kuhimili karibu tani 20 kabla hazijaanza kunyumbuka. Ila sharti zitoke juu mpaka chini kabisa, siyo kuchomekwa kidogo pale juu ili kushika mkanda. Pia ziachiwe zege la mm 75 kila upande, maana udongo wenye unyevu utaziozesha.

Sasa maji. Wengi humwaga kokoto chini ya shimo wakiamini maji yatapita. Kwenye mchanga, sawa. Kwenye mfinyanzi yataenda wapi? Umechimba bakuli, ukaweka nguzo ndani yake.

Dawa iko juu ya ardhi. Paa la mita za mraba 100 likipata mvua ya mm 30 linamwaga lita 3,000, na bila mifereji zote zinaishia ukutani. Weka mifereji, peleka maji mbali, na ardhi inayozunguka nyumba ishuke sm 15 katika mita 3 za kwanza. Lengo si kuukausha udongo, ni kuuzuia usibadilike-badilike.

Vipimo kamili vya nguzo zako vitatokana na upimaji wa udongo na mhandisi. Lakini kabla zege halijamwagwa, muulize fundi maswali mawili: nondo zinafika chini? Na maji ya paa yanakwenda wapi? Kuuliza ni bure. Kuziba nyufa kila baada ya masika siyo bure.