KWA NINI JERAHA LA MNAZI HALIZIBI?



Ndugu wanafunzi na wazazi, katika Hadithi aliyoipokea Ibn Umar (r.a.), Mtume (s.a.w.) aliufananisha Muislamu na mti wa mtende. Mnazi wetu wa pwani ni wa ukoo mmoja na mtende, na shina lake limeumbwa kwa namna hiyo hiyo. Basi na tulitazame.

Mmea umejengwa kwa seli. Seli zinazofanya kazi moja kwa pamoja huitwa tishu, na tishu mbalimbali zikiungana hufanya ogani, kama vile mzizi, shina na jani. Ndani ya shina mna tishu mbili za usafirishaji. Zailemu hupandisha maji na madini kutoka mizizini. Floemu husambaza chakula kilichotengenezwa na majani.

Katika shina la mwembe, tishu hizi zimepangika kwa duara. Baina yake upo utando mwembamba uitwao kambiamu, ambao seli zake hugawanyika na kuzaa seli mpya. Huo ndio unaounenepesha mwembe, na ndio unaosaidia kufunika jeraha la panga.

Mnazi hauna kambiamu. Mishipa yake imetawanyika ndani ya shina kama nyuzi, ndiyo maana gogo la mnazi likikatwa huonyesha nukta nyingi, wala si miviringo. Kwa hiyo kidato alichokichonga mkwezi leo hakitaziba. Kitabaki vile vile mpaka mti ufe, na huenda kikawa mlango wa maji na wadudu.

Tena, mnazi hurefuka kwa chipukizi moja tu iliyo kileleni, yaani moyo wa mnazi. Moyo huo ukiharibiwa kwa panga au na mdudu, mti mzima hufa, kwani hauna chipukizi nyingine ya kuushika.

Wanafunzi wapenzi, mnazi mrefu wa kienyeji huchukua kiasi cha miaka 6 au zaidi kabla ya kuzaa. Anayejaribia panga lake kwenye mnazi wa jirani anaharibu mali na subira ya mtu kwa dakika moja. Na tukumbuke Hadithi ya Nu'man bin Bashir (r.a.) kuhusu moyo wa mwanadamu: nasi pia tuna moyo mmoja tu, tuutunze.

Wabillahi tawfiq.